Mwaliko wa Windo ya Bure

Kosa langu la mwanzo katika kazi hii: nilimfutia mtu windo yake ya haki, nikamtilia ya wizi, nikapokea ujira, na yeye akaniombea dua. Kwa miaka nimetafuta namna ya kulisema hilo lisikike dogo. Sijaipata.

Windo, kwa asiyekaa na kompyuta, ndiyo jina tunalouita ule mfumo unaowaka mwanzo kabla ya kitu chochote. Bila yake kompyuta ni sinia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kibanda Mlandege, upana wa mlango mmoja, baina ya duka la mabuibui na kijana anayeuza makava ya simu. Sikusomea. Niliharibu kompyuta ya mjomba wangu asubuhi, nikaitengeneza kabla hajarudi kula chakula cha mchana, na tokea siku hiyo ukoo mzima ukaniita fundi. Mtu akikuita fundi na hujui kitu, hufanya mambo mawili: unajifunza kwa nguvu na unaogopa. Mimi niliyafanya yote mawili kwa bidii. Nilisugua vitufe kwa mswaki. Nilizipanga alama za kwenye kioo mstari mmoja, na moja ikipinda nilikuwa siwezi kumeza mate. Kazi ikisha niliizima kompyuta na kuiwasha mara tatu nione kama inawaka vilevile, na mteja akiondoka nilimsindikiza kwa macho mpaka anapopinda kona, nikingoja ageuke aanze kupiga kelele.

Hakuna aliyegeuka. Hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Mjini kwetu wakati ule kompyuta mpya ilikuwa kama kanga mpya. Kanga huivai ikitoka dukani. Inakatwa kwanza, inapindwa, ndipo inakuwa nguo. Basi na kompyuta, hata iwe imetoka ndani ya boksi na nailoni zake, ilipelekwa kwa fundi ikapigwe windo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mafundi sote tulikuwa na flashi yenye windo ya saba, iliyovunjwa kufuli na watu tusiowajua wa nchi tusizozijua, na tukiinakili mmoja kutoka kwa mwengine kama watoto wanavyonakiliana hesabu. Ile ya nane, iliyokuja na kompyuta mpya, watu waliichukia. Ilikuwa na vibokisi vya rangi kama vigae vya choo cha hoteli, na kitufe cha kuanzia kimefichwa. Kwa hiyo tuliifuta. Tuliifuta bila ya kuitazama.

Ndivyo nilivyomfanyia Bi.

Alikuwa mwalimu mstaafu anayekaa kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne, akisomesha watoto wa jirani hesabu na Kiingereza sebuleni kwake. Mwanawe aliyeko Maskati alimletea kompyuta ili mitihani yake aichape mwenyewe. Alikuja nayo kibandani ndani ya mfuko wa kitambaa, akakaa kwenye kigoda, akanitazama nikifanya kazi kama anayemsimamia mtoto kwenye mtihani.

"Hicho unachonitilia," akauliza, "ni cha nani?"

"Chako, Bi."

"Nnajua kitakuwa changu. Kabla hakijawa changu ni cha nani?"

Nilihisi masikio yananichoma. Ningeweza kusema kweli. Ningeweza hata kusema sijui. Lakini fundi asiyejua ndicho kitu nilichokuwa nikikiogopa kuliko moto, basi nikasema, "Ni halali, Bi. Kila kitu halali."

Akaniombea Mungu anizidishie. Kisha nikazima njia zote ambazo windo hupokelea mambo mapya kutoka kwa wenyewe, maana nakala iliyovunjwa kufuli ikipata habari za kwao hujifichua yenyewe: kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanakutangaza mwizi. Nikamwambia, "Ukiona kitu chochote kinakuuliza, Bi, usikibonyeze." Yeye akaitikia kwa kichwa, mwalimu mzima, na mimi nikaona nimefanya kazi safi kabisa.

Ukapita mwaka na zaidi. Ndipo zikaja habari kwamba windo ya kumi imetoka, na aliye na ya saba au ya nane anapewa bure.

Siwezi kueleza ghasia ya Mlandege wiki ile. Bure! Sisi ambao kazi yetu yote ilisimama juu ya kitu ambacho watu hawakutaka kukinunua, tukaambiwa wenye nacho wanakigawa. Muuza makava alikuja mlangoni kwangu amefurahi kama aliyeona mtu kateleza matopeni.

"Yakhe, funga duka! Wanagawa kama halua ya maulidi!"

"Wanawagawia wenye haki tu," nikamwambia. "Wenye nakala za wizi hawamo."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

"Umesoma! Huyu kila siku kasoma. Mimi nimesikia hata za wizi wanazichukua, wanazisafisha, wanazirudisha."

"Wanazichukua, lakini zikishafika zinabaki vilevile za wizi. Mgeni aliyeingia harusini bila ya mwaliko hawi mwalikwa kwa kuwa kapewa sahani ya pilau."

"Lakini pilau keshakula," akasema muuza makava, na duka zima la mabuibui likacheka.

Watu wakaja na masuali. Wengine walikuwa na hakika kwamba ukikubali, kampuni inaiona nyumba yako mpaka jikoni. Mzee mmoja alisema cha bure cha mzungu kina mkia, na kama hakionekani basi umekikalia. Wengine walikuwa wameona alama ndogo pembeni mwa kioo ikiwakaribisha kwa adabu, na walikuwa wakitembea Mlandege vifua mbele. Alama ile ilikuwa kama kadi ya harusi. Waliopewa walionyeshana, na wasiopewa walianza kuuliza kwa nini.

Bi alikuwa katika wasiopewa.

Alikuja Jumamosi asubuhi na kompyuta yake ndani ya mfuko uleule. "Shikamoo, Bi," nikasema, na sauti yangu ikapanda juu kama ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa mawili. La kwanza, jina langu limetoka. Ijumaa ijayo nnakwenda Makka inshallah."

Nikampongeza kwa furaha ya kweli. Alikuwa ameungoja mwaka ule kwa miaka.

"Basi nimekuja kukuomba radhi," akasema.

Kwetu, anayekwenda hija hupita kwa watu aliokaa nao, mmoja mmoja, akiomba asamehewe aliyoyakosa, asije akaondoka na haki ya mtu mgongoni. Nilijua hivyo. Sikujua kama atafika mpaka kwangu.

"Mimi, Bi? Umenikosea nini?"

"Nilikusengenya. Niliwaambia watu wa ghorofa ya tatu kwamba wewe fundi mzuri lakini mwoga, unaitazama kompyuta kama itakuuma."

Muuza makava alikohoa kwa nguvu kule aliko.

"Nshakusamehe, Bi," nikasema.

"Alhamdulillahi. Na wewe huna lako la kuniambia?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, mpana, na mimi nikapita pembeni yake. "Sina, Bi."

"Vyema. La pili." Akaitoa kompyuta. "Jirani yangu wa mlango wa pili kaalikwa windo mpya. Kila siku ananionyesha. Mimi sijaalikwa. Kwa nini? Kompyuta yangu mpya kuliko yake. Nina kasoro gani?"

Sijapata kusikia suali zito kama lile kutoka kwa mtu aliyeshika mfuko wa kitambaa. Nikasema niachie niitazame. Akasema, "Itazame vizuri. Sitaki kwenda kusimama kule hali nyumbani kwangu kuna kitu cha mtu." Akaondoka, na mimi nikabaki nimeikumbatia kompyuta kama mtoto aliyetelekezwa.

"Mpigie ya kumi ya kuvunja," muuza makava akasema. "Ishatoka. Jamaa wa Darajani anayo. Atajuaje?"

Niseme kweli kama nilivyojiahidi: nilifikiri kufanya hivyo. Nilifikiri siku nzima. Jumapili nikashindwa kula hata urojo, na kwangu mimi hiyo ni hali ya kupelekwa hospitali. Mwishowe nikaamua kutafuta windo ya kumi kutoka kwa wenyewe, faili lao safi, halafu nione wanataka nini. Wakiuliza ufunguo, yaani ile namba ndefu ya kuthibitisha kwamba umenunua, nitakuwa sina. Hapo nitakwenda kwa Bi nikamwambie kompyuta yake haina haki. Niliandika maneno ya kumwambia kwenye karatasi. Nikayaandika tena kwa hati nzuri zaidi.

Faili lenyewe lilikuwa kubwa kuliko intaneti yangu. Dada yangu alikuwa akifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Kendwa, na kule intaneti ilikuwa inakimbia. Jumatatu nikaazima skuta ya mjomba nikaenda kaskazini na kompyuta ya Bi kifuani, nimeifunga kwa kanga mbili za mama, nikipita mashimo yote kwa adabu.

Dada alinitia chumba cha wafanyakazi, nyuma ya mashine za kufulia mashuka. "Una mpaka saa nane," akasema. "Na usimguse mtu simu yake. Wakijua wewe fundi hutoki humu."

Mitihani ya Bi nilikuwa nimeshaihifadhi pembeni, nakala tatu, pahala patatu. Faili likashuka asubuhi nzima. Nikalitia kwenye flashi. Nikaifuta ile windo ya saba ya wizi niliyoiweka kwa mikono yangu, na nikakaa mbele ya kioo cha buluu kungoja suali la ufunguo.

Kila niliyemfungia windo maishani mwangu, suali lile lilikuja. Linakuja mapema, ukurasa wa mwanzo mwanzo, na hapo ndipo sisi mafundi tulipokuwa tukitumia ujanja. Niliitoa karatasi yangu ya maneno nikaiweka juu ya goti. Lugha, nikachagua. Saa, nikachagua. Nikabonyeza kuendelea.

Ikaendelea.

Nikadhani nimeruka ukurasa. Nikarudi nyuma, nikapita tena taratibu, kidole kimoja. Suali halikuja. Ikaanza kujifunga, ikazima, ikawaka, ikanikaribisha kwa maandishi meupe, ikaniuliza jina la mwenye kompyuta. Nikaandika jina la Bi. Mikono ilikuwa imelowa mpaka nikaipangusa kwenye shuka la hoteli. Nikaenda mpaka ukurasa wa ndani kabisa unaoonyesha kama windo ina haki au haina, na pale, kwa herufi ndogo zisizo na majivuno, ikasema imethibitishwa.

Nilipiga ukelele. Dada alikuja mbio akidhani nimeshikwa na umeme.

"Imethibitishwa!" nikamwambia. "Haijaniuliza! Imejithibitisha yenyewe!"

"Nini?"

"Windo! Ya halali! Halali ya kweli!"

Nikamshika mikono nikamzungusha baina ya mashuka, na yule mama anayepiga pasi akaanza kupiga makofi bila ya kujua tunasherehekea nini.

"Hebu niache!" dada akacheka. "Umefurahi kama aliyeolewa. Sasa kama haikukuuliza ufunguo, imeupata wapi?"

Nikasimama. Ndilo suali la dada zangu hilo. Wana macho ya kuona sindano. Nikaingia kwenye simu nikasoma, na jibu halikunichukua muda. Kompyuta za namna ile zilizotoka kiwandani na windo ya nane, ufunguo wake umeandikwa ndani kwa ndani, kwenye kijichuma chake, pahala ambapo hata ukifuta kila kitu haufutiki. Mwanawe Bi alikuwa ameshailipia windo siku aliponunua kompyuta. Ilikuja ikiwa na haki yake. Ilialikwa tokea kuzaliwa. Mimi ndiye niliyeifuta, nikaweka ya wizi, nikafunga milango yote ili mwaliko usiingie.

Na siyo ya Bi tu. Kompyuta ngapi mpya zilipita kwenye goti langu na nailoni zake? Mji mzima tulikuwa tukichukua vitu vya halali vya watu, kwa ustadi mkubwa, tukivigeuza vya haramu. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha sikuwa na hakika tena kama yale yalikuwa ya kicheko.

"Sasa shida iko wapi?" dada akauliza. "Mpelekee, ishakuwa safi. Hana haja ya kujua."

Ilikuwa kweli, hana haja. Nilikuwa na kompyuta isiyo na doa, na mtu aliyekwisha kuniuliza kama nina lolote. Ningeweza kumpa, akaniombea dua, akaenda. Lakini angeondoka ameomba radhi kwa kusema mimi mwoga, na mimi nimebaki na haki yake mgongoni, kimya. Yeye ndiye angekwenda msafi na mimi ndiye ningebaki nikijua. Nilijaribu kuliona hilo ni jambo dogo njia nzima ya kurudi, na skuta ikazima mara mbili.

Jumanne alasiri nikapanda ngazi za Michenzani. Niliisahau karatasi ya maneno nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, na sebule imejaa wanawake waliokuja kuagana na Bi: mashoga zake, majirani, wengine juu ya mkeka, sahani za kashata zinazunguka. Nilitaka kurudi. Bi akaniona.

"Fundi! Pita, pita. Nimealikwa?"

Wote wakanitazama.

"Naam, Bi. Umealikwa." Nikaiweka kompyuta juu ya mkeka. "Ulikuwa umealikwa tokea zamani. Mimi ndiye niliyeichana kadi."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lakini yakishaanza kutoka hayarudi. Nikamwambia yote: windo ya nane aliyoilipia mwanawe, ile ya saba niliyoitia, kwamba ilikuwa ya wizi na nilijua ni ya wizi alipouliza ni ya nani, na kwamba Jumamosi aliponifungulia mlango nilisema sina langu. Nikamwambia sasa ni safi, ya haki yake mwenyewe, na ujira wake ninaurudisha. Nikaomba radhi. Sahani za kashata zikasimama.

"Ulinambia halali," Bi akasema polepole. "Mara mbili."

"Naam, Bi."

"Mbele ya uso wangu. Na mimi nikakuombea."

"Naam."

Akaivuta kompyuta karibu yake. Ikiwa atasema hanisamehi, ndiyo basi tena; hakuna pengine pa kwenda kuomba.

"Na mimi nilikuomba radhi kwa kukwita mwoga," akasema. "Nirudishie maneno yangu. Nilisema kweli."

Shoga yake mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata, na mimi nikacheka kwa kukosa la kufanya, na Bi naye akacheka mwishowe, akipangusa macho kwa upindo wa mtandio.

"Radhi yangu nakupa," akasema. "Kwa moyo mmoja. Lakini radhi ya wenziwangu sina mimi ya kukupa. Una daftari la wateja?"

"Ninalo, Bi." Bila shaka ninalo. Nina daftari lenye mistari niliyoipiga kwa rula.

"Basi zunguka. Kila mlango useme kama ulivyosema hapa. Nataka nikifika kule nikuombee kwa kazi uliyoianza, sio uliyoikusudia."

"Aanze kwangu!" akasema jirani wa mlango wa nne. "Ya mwanangu kaipiga yeye!"

"Na yangu! Fundi, ngoja, usiondoke, naishusha!"

Nikakaa sebuleni kwa Bi mpaka usiku, na flashi ileile na intaneti ya simu yangu. Kompyuta zilikuja zimefungwa kwa kanga, kwa mito, moja ndani ya sufuria. Kila iliyojithibitisha yenyewe wanawake walipiga vigelegele kama kazaliwa mtoto, na wale waliopita chini barabarani waliangalia juu. Nne zilikuwa na haki yao. Mbili zilikuwa kuukuu, hazina ufunguo wala karatasi, na hapo nililazimika kusema mbele ya watu: "Hii haina. Sina la kuifanyia ila kukwambia." Mwenye moja alinuna. Mwenye ya pili akauliza kama kuna ya bure ya kweli, isiyo na mwenyewe wa kudai, nikamwambia iko, imetengenezwa na watu wanaomgawia kila mtu, ila haifanani na ile aliyoizoea. Akasema hata mumewe wa pili hafanani na wa mwanzo, aitie.

Bi aliondoka Ijumaa. Mimi nilizunguka na daftari kwa miezi. Baadhi yao walinitukana, wengi walicheka, mmoja hajanisamehe mpaka leo na ana haki yake. Mlandege nako mambo yaligeuka taratibu: mtu akijua kitu kinatolewa bure kwa mlango wa mbele, haoni tena maana ya kukipitishia dirishani. Hakuna askari wala tangazo lililowahi kufanya kazi ile.

Tokea hapo sijamtilia mtu windo ya wizi. Mteja akiniuliza kitu ni cha nani, namwambia, na nisipojua nasema sijui. Bado natokwa na jasho nikilisema hilo neno, lakini nalisema.